Ugoro wa Asubuhi na Nyanya za Bondeni

Vijana wangu, wiki haipiti bila mmoja wenu kubisha hodi hapa kwangu, simu mkononi, akitaka nimtajie kipimo cha dawa ya majani ya mpapai. Hata shikamoo mnaitoa mkiwa mmeshafungua pa kuandikia. Sikatai. Nimekula mshahara wa kilimo miaka mingi, na kilichobaki kichwani mwangu ni mali yenu. Ila mkitaka kipimo mtakipata pamoja na aibu yangu, maana vyote viwili nilivipata katika bustani moja, na sioni namna ya kuwapa kimoja nikaficha kingine.

Nilipomaliza chuo cha kilimo nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwembamba, sijaolewa, na siku ya kwanza kijijini wazee wenye mvi wakaniita Bibi Shamba. Ndilo lilikuwa jina la kazi enzi zile za Ujamaa: wanaume mabwana shamba, sisi mabibi shamba. Mtu mwenye mvi akikuita bibi kila siku, mwishowe unaanza kuamini kwamba unajua kitu. Nadhani nusu ya makosa yangu yalitokana na jina lile.

Kijiji chenyewe kilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa baiskeli kutoka stesheni ya Goweko, ukifuata ile njia pana ya misafara ya zamani. Watu walikuwa wamehamishiwa pale miaka michache nyuma kutoka kwenye makazi yao ya porini. Nyumba zilipangwa kwa mistari, na kila mtu alikuwa bado analalamika kwamba jirani anamsikia akikohoa. Kazi ilikuwa tumbaku. Mabani, majengo ya kukaushia majani yake, yalizunguka kijiji pande zote, na hata ugali wa pale ulikuwa na harufu ya moshi wake.

Chini ya kijiji kulikuwa na bonde lenye unyevu mwaka mzima. Humo akina mama walikuwa na bustani yao ya pamoja: nyanya zaidi ya vyote, halafu kabichi, vitunguu na bamia kidogo. Nyanya zilipangwa kwenye matenga na kupelekwa stesheni kuuzwa treni inaposimama. Tumbaku iliandikishwa kwa jina la baba mwenye nyumba, lakini nyanya zilikuwa za akina mama, na hapakuwa na mwanamume aliyethubutu kuziulizia. Kiongozi wao alikuwa Mama Nyamizi, mjane mrefu mwenye sauti ya chini. Ukimwamkia shikamoo alikutazama kwanza kama anapima umeitoa kwa moyo au kwa mazoea, ndipo akaitikia marahaba.

Wiki yangu ya kwanza mzee mmoja aliniita nikaone maboga yake. Nikakuta majani yana unga mweupe. Nilifurahi jamani, maana ubwiri unga ndio ugonjwa niliokuwa nimeujibu vizuri kuliko yote kwenye mtihani. Nikasimama katikati ya shamba nikamhutubia: huu ni ukungu, huota juu ya jani, hupenda baridi ya asubuhi, hunyonya chakula cha mmea. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma. Nilipomaliza akanieleza kwa upole kwamba yale ni majivu, ameyamwaga mwenyewe jana jioni kufukuza wadudu, na alichoniitia ni boga lililooza kule pembeni. Kabla sijafika nyumbani kijiji kizima kilikuwa na habari. Tangu siku hiyo jani lolote nikiletewa nalipangusa kwa kidole kwanza, nalinusa, nalipindua nione chini, halafu ndipo nafungua mdomo. Nanyi fanyeni hivyo.

Aibu ile ya majivu ndiyo iliyonipeleka kwa Mama Nyamizi. Nilitaka watu wa kunipokea, na akina mama wa bondeni walinipokea kwa desturi yao. Kila asubuhi kabla ya kuingia bustanini walikaa ukingoni mwa kisima, Mama Nyamizi akafungua kibuyu chake kidogo cha ugoro, akampa kila mmoja kiasi cha kushika kwa vidole viwili. Hapo ndipo tulipoulizana habari za nyumbani, nani ameamka na homa, nani mumewe amerudi amelewa. Kuukataa ugoro ule ilikuwa sawa na kuukataa mkono wa salamu. Mimi ulinipigisha chafya mpaka machozi, wao wakacheka, ndipo siku ikaanza. Baada ya hapo tulipangusa vidole kwenye khanga, tukashuka kupogoa nyanya.

Magonjwa ya ukungu yalikuwepo, tena mengi. Miche ilianguka kitaluni kwa kinyausi, shina limekonda kama uzi pale linapotoka udongoni. Mvua zikianza, bakajani iliunguza majani ya nyanya kuanzia chini kwenda juu. Chuoni tulifundishwa kuchanganya mrututu na chokaa, ile dawa ya buluu, na ni dawa nzuri, siisemi vibaya. Tatizo ni kwamba kipindi kile haikupatikana. Duka la ushirika lilikuwa na rafu safi kabisa. Kila nikienda Tabora kuulizia naambiwa iko njiani, na nikiuliza njia ipi wananicheka.

Aliyeniokoa ni Mzee Athumani. Huyu alikuwa msaidizi wa kilimo pale Tabora mjini, mwenyeji wa siku nyingi, mtoto wa fundi cherehani. Alikuwa katika kazi hiyo tangu kabla ya Uhuru bila cheti hata kimoja, na wakubwa wenye vyeti walimfuata nyuma ya ofisi kumwuliza mambo wasiyotaka wenzao wajue kwamba hawayajui. Alinikuta nimekaa kwenye ngazi za ofisi nimenuna. Akaniuliza kama huko kijijini kwetu hakuna mipapai. Nikamwambia ipo, imejaa. Akaniuliza sasa nalia nini.

Kipimo chake ndicho hiki, haya andikeni. Chukua majani mabichi ya mpapai, yaliyokomaa lakini hayajawa ya njano, ujaze nusu ndoo bila kushindilia. Twanga kwenye kinu kisichotumika kwa chakula. Mimina maji ndoo moja, funika, acha kivulini tangu asubuhi mpaka jua lipoe. Chuja kwa kitambaa, ukamue kweli, usionee huruma mikono. Kata kipande cha sabuni ya mche chenye ukubwa wa kidole gumba, ukiyeyushe humo ili dawa ishike kwenye jani. Nyunyiza jioni ileile, juu na chini ya jani, na chini hasa, maana huko ndiko wengi huwa wavivu kufika. Mvua ikiiosha, rudia. Wiki ikipita, rudia. Saumu nayo ni hivyohivyo, viganja viwili vilivyopondwa kwa ndoo moja, na hii ndiyo niliyoiona ina nguvu zaidi kwa ubwiri unga. Na chombo cha dawa kisirudi jikoni hata ukikisugua namna gani.

Bomba la kunyunyizia tulikuwa nalo moja, mpira wake wa ndani umekufa. Tukachovya mafagio ya majani ndooni na kukung'utia mimea. Watu waliopita njiani walidhani tunabariki kabichi.

Niwaambie pia habari ya harufu. Siku moja nilitoka Tabora kwa treni, nimebeba khanga niliyochujia saumu kwa Mzee Athumani, nimeikunja vizuri ndani ya furushi. Kabla hatujafika stesheni ya pili benchi zima lilikuwa langu peke yangu. Nikajinyoosha nikalala mpaka Goweko, na sikuona haya hata kidogo.

Dawa hizi hukinga. Jani lililokwisha kuungua halirudi kijani, hata ungelikesha unalinyunyizia. Hilo Mzee Athumani alilirudia mpaka nikachoka kulisikia. La pili nililijifunza mwenyewe, kwa ubishi wangu. Nilidhani kitu kilichotoka kwenye majani hakiwezi kudhuru mmea. Nikaongeza saumu mara tatu ya kipimo, nikanyunyiza kabichi saa saba mchana jua likiwa utosini. Kesho yake majani yalikuwa na madoa kama yamepitiwa na pasi ya mkaa. Nilipomsimulia, Mzee Athumani hakunigombeza.

"Shina moja kwanza, binti yangu," akasema. "Siku tatu. Ndipo shamba."

Miaka miwili mambo yalikwenda vizuri. Kinyausi ilipungua, kwa sababu ya dawa na kwa sababu tuliacha kumwagilia kitalu jioni. Bakajani ilikuja ikakuta majani yamelindwa, ikala mashina machache tu. Wanawake wa vijiji vya jirani wakaanza kuja kuomba majani ya mpapai, kana kwamba kwao hayapo. Mimi nikaanza kutembea na kidevu juu.

Mwaka wa tatu mvua zikawa haba, na vitalu vya miche ya tumbaku huko juu vikakauka mapema. Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Lugembe, mkulima hodari wa tumbaku na si mtu mbaya hata kidogo, akaanza kulitazama bonde. Kitalu cha tumbaku kinataka kumwagiliwa kila siku, na maji ya karibu yalikuwa hapo tu. Akasema mbele ya halmashauri ya kijiji kwamba akina mama wapewe msimu mmoja. Nyanya zikitoka vizuri, bustani ibaki. Zikidorora, bonde lote liwe vitalu vya tumbaku. Akina mama hawakuwa na pengine pa kwenda, kwa sababu huko juu ni mchanga mtupu na visima viko mbali.

Jioni ile Mama Nyamizi alinisindikiza mpaka mlangoni kwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akaniambia, "Bibi Shamba, mimi kwa nyanya zile nanunua chumvi bila kumwomba shemeji yangu. Angalia usituharibie."

Mwezi mmoja baada ya kupandikiza, nikaona mashina matatu hayako sawa. Majani yalikuwa na mabaka, hapa kijani kilichokolea, hapa kijani hafifu, na ya juu yamekonda na kujikunja. Nikapangusa kwa kidole. Hakuna unga. Nikapindua. Hakuna ukungu. Mtu mwenye akili angesimama hapo akajiuliza ni nini. Mimi nilikuwa na ndoo ya mpapai mkononi na miaka miwili ya sifa kichwani, kwa hiyo nikanyunyiza mpapai. Haikusaidia. Nikanyunyiza saumu, nikanyunyiza mwarobaini. Mashina matatu yakawa kumi, kisha mstari mzima.

Sasa sikilizeni nilichofanya, maana nadhani ni sisi tu watu wa nchi ya tumbaku tungeweza kukifanya. Nilikuwa nimezungukwa na jani kali kuliko majani yote. Mabaki yake yalilala kwenye mabani, vijiti na vipande, bure kabisa. Nikajiambia, kama mpapai unatibu, tumbaku si itatibu zaidi? Nikayaloweka mabaki yale kwenye sufuria kubwa, nikachanganya na saumu, na kwa haraka ile nikasahau habari ya shina moja na siku tatu. Nilinyunyiza nusu ya bustani asubuhi moja. Akina mama walinisaidia, wakanisifu kwa ujasiri. Ninyi msije mkaijaribu. Maji yale ni sumu hata kwa mtu, na kichefuchefu kilichonipata jioni ile kilinitosha.

Hazikupita wiki mbili bustani yote ikawa na mabaka. Nyanya chache zilizokuwa zimefunga zilibaki ndogo na ngumu. Ndugu Lugembe akashuka bondeni, akapita mistari yote akipindua majani, akapanda kurudi kijijini. Nikamwandikia Mzee Athumani barua ya mistari minne, nikampa mfanyakazi wa treni niliyefahamiana naye.

Alikuja na treni ya siku ya tatu, kofia yake imenyooka kama kawaida. Sikumficha kwamba naogopa. Asubuhi nikampeleka bondeni, na akina mama wakampa heshima ya kuwa wa kwanza kupewa ugoro. Akaupokea kwa mikono miwili, akashukuru, lakini hakuunusa. Aliushika tu, akatutazama sisi wengine tukinusa, tukipiga chafya, tukipangusa vidole na kushuka kwenye nyanya. Nilikuwa nimeshakata machipukizi ya shina la kwanza niliposikia sauti yake.

"Simameni hapohapo. Nani ameosha mikono?"

Tukatazamana. Hakuna aliyeosha. Kwa nini uoshe mikono ukienda kushika udongo?

Akatuita tukakaa tena. Akatueleza taratibu, hasa akimtazama Mama Nyamizi, maana hakutaka kumvunjia heshima. Akasema huu si ukungu kabisa. Huu ni batobato, ugonjwa wa tumbaku yenyewe. Jani la tumbaku likikauka ugonjwa haufi, unakaa humo miaka, hata likisagwa likawa ugoro. Nyanya na tumbaku ni ukoo mmoja, na ugonjwa wa huyu humwingia yule. Kila asubuhi tulikuwa tunaushika kwa vidole viwili, tukienda kupogoa tunaupaka kwenye kila kidonda tulichokikata, shina kwa shina. Miaka miwili ya kwanza ugoro ulitoka kwenye tumbaku nzima, tukasalimika kwa bahati. Mwaka huu ulitoka kwenye tumbaku inayougua.

Nikauliza dawa. Akasema haipo. Si mpapai, si saumu, si mwarobaini, wala mrututu, hata kama ungekuwepo wa kujaza ghala. Ni kung'oa, kukausha na kuchoma, halafu kuosha mikono kwa sabuni na kuisuuza kwa maziwa, maana maziwa huuzuia ugonjwa huu usishike.

Kisha akaenda kwenye ndoo yangu, akainama, akainusa. Akaninyanyulia macho. Tukasogea pembeni nikamwambia yote: mabaki ya bani, sufuria, nusu ya bustani. Machozi yalinitoka kama mtoto. Nilijua mashina yale machache ya mwanzo yangeweza kung'olewa na bustani ikapona. Aliyeumwaga ugonjwa bonde zima ni mimi.

"Habari ya ugonjwa nitaisema mimi," akaniambia. "Habari ya ndoo ni yako."

Wanangu, siku hizi nikiwaona mnapiga dawa kila doa mnaloliona, natamani niwapeleke kwenye ukingo ule wa kisima. Ukungu una unga, au una manyoya, au una doa lenye mviringo ndani ya mviringo. Batobato haina kitu cha kupangusa, ni rangi ya jani yenyewe imevurugika. Ukishindwa kutofautisha hivi viwili, weka chini kinu chako umtafute anayejua. Mimi nilimtafuta nikiwa nimechelewa.

Mkutano ulifanyika kesho yake asubuhi ndani ya ghala la tumbaku, kwa kuwa ndilo lilikuwa jengo kubwa. Mzee Athumani akaeleza ugonjwa. Watu wakanung'unika, na mmoja akasema basi jambo limekwisha, nyanya zimeshindwa, bonde lilimwe vitalu. Nikasimama. Ningeweza kukaa tena bila mtu kujua. Nikasema kwamba nyanya hazikushindwa. Aliyeshindwa ni mimi. Nikaeleza nilivyoloweka tumbaku nikainyunyiza bila kujaribu, na kwamba akina mama wasihukumiwe kwa kosa langu. Nikasema kama ni kuandikiwa barua kwa wakubwa wangu, niandikiwe mimi. Nikakaa. Nilimwona Mama Nyamizi ameinamisha kichwa, nikajua nimempoteza.

Ndugu Lugembe alikuwa mkulima wa tumbaku, na nilikuja kuelewa baadaye kwamba wakati ule alikuwa hanifikirii mimi wala nyanya.

"Mzee," akamwambia Athumani, "huu ugonjwa umesema ni wa tumbaku?"

"Ni wa tumbaku."

"Na sasa uko bondeni."

"Uko kwenye mashina, uko kwenye mizizi iliyobaki ardhini. Binti ameueneza kote."

"Na mtu akiweka kitalu pale?"

Mzee Athumani akavua kofia, akaitazama, akaivaa tena. "Ndugu Mwenyekiti, kitalu ni chenu. Cha kwangu nisingekiweka."

Wanaume waliokuwa wakitaka bonde wakaanza kutazama nje, na mmoja wao akauliza kama kuna hatari hata ya kupita pale na viatu. Ndugu Lugembe akakata shauri palepale: miche ya tumbaku isishuke bondeni, mabaki ya tumbaku yasishuke bondeni, na bonde libaki la akina mama walime wanachojua wao. Mzee Athumani akaongeza kwamba kwa misimu kadhaa wasipande nyanya, wala pilipili, wala bilinganya. Vitunguu, kabichi na karoti havipati ugonjwa ule. Mwenyekiti akanigeukia akasema nimewamalizia nyanya, lakini nimesema ukweli mwenyewe, na barua haitaandikwa. Nilihisi kama mtu ameniondolea gunia mgongoni.

Vitunguu vya mwaka ule vilikuwa vikubwa, na ukungu wake tuliukinga kwa saumu na sabuni, shina moja kwanza. Kila mwaka kabla ya msimu wa vitalu Mama Nyamizi alimkumbusha Mwenyekiti, kwa huzuni kubwa usoni, kwamba udongo wa bondeni bado haujapona. Alikuwa analisema hilo miaka mingi baada ya udongo kupona, na mimi mtaalamu nilikuwa natikisa kichwa kukubali. Mungu atanisamehe.

Ila siku ile ya mkutano nilikuwa sijui kama atanisemesha tena. Nilitoka ghalani nikasimama ukutani. Akina mama wakapita, naye akaja wa mwisho.

"Kumbe ugoro wangu," akasema.

"Na ndoo yangu, mama."

Akalifikiria hilo. Kisha akasema ugoro utanuswa tukitoka bustanini, si tukiingia, na anayeona desturi imeharibika amfuate yeye. Akamtuma mtu kwa wafugaji wa Kisukuma waliokaa karibu, likaja kopo la maziwa. Bado hakuwa amecheka. Akaniambia nilete mikono. Alinimiminia maji, akanisugua kwa sabuni kidole kimoja kimoja na kucha zake, kisha akanimwagia maziwa, yeye mkubwa mimi mdogo, kama anavyonawishwa mgeni kabla ya chakula. Halafu akanipa kopo, akanyoosha mikono yake, nami nikamwosha.

"Haya," akasema. "Twende tukang'oe."

Tukashuka wote, mikono ikinuka maziwa, tukaanza mstari wa kwanza. Mtu mmoja akaanzisha wimbo wa kulimia, wengine wakaitikia, na Mama Nyamizi akawa anapita nyuma yetu akiokota hata jani lililoanguka. Tuling'oa mpaka adhuhuri hapakubaki shina hata moja limesimama, na katika miaka yangu yote ya kazi sijapata kuliharibu shamba kwa furaha kama siku ile.